Boila Kwanza, Sofa Baadaye: Ushauri kwa Anayekwenda Kupanga Nyumba Yerevan

Anayejiandaa kwenda Armenia, awe anakwenda kusomea udaktari au kufanya kazi, huhangaika na mambo matatu: viza, tiketi na mahali pa kulala. Viza ina ubalozi, tiketi ina wakala, na wengi wa kwetu hupitia Dubai au Doha wakafika bila matatizo. Nyumba ndiyo haina ofisi. Utaitafuta mwenyewe mjini Yerevan, umesimama kwenye ngazi za jengo la enzi za Kisovieti, dalali anakuharakisha kwa Kirusi, mwenye nyumba anaeleza kwa Kiarmenia, na wewe unajaribu kukumbuka ulichotaka kuuliza. Bora maswali hayo uondoke nayo nyumbani.

La kwanza linahusu baridi. Yerevan iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, siku nyingine hukaribia 40. Januari mambo hugeuka, na kuna usiku ambao kipimo hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa amezoea kukagua nyumba kwa maji, umeme, usalama na umbali wa kituo cha basi. Yakague hayo pia, lakini yaje baada ya swali moja: nyumba hii inapashwa joto na nini, na bili ya Januari iliyopita ilikuja kiasi gani? Mwanafunzi anayefika Septemba jua bado linawaka huona sofa nzuri na roshani inayotazama mlima Ararati, akatia saini. Alichopanga atakijua Desemba.

Inafaa kuelewa mambo yalifikaje hapo. Wakati wa Sovieti, majengo mengi ya jiji yalipata joto kutoka kwenye mitambo ya pamoja iliyosukuma maji ya moto hadi ndani ya kila nyumba. Baada ya tetemeko la ardhi la Desemba 1988, kituo cha nyuklia cha Metsamor kilizimwa mwaka 1989. Kisha Sovieti ikavunjika, vita na Azerbaijan juu ya eneo la Nagorno-Karabakh vikapamba moto, na mipaka na Azerbaijan na Uturuki ikafungwa. Katika majira ya baridi ya miaka ya mwanzo ya 1990, wakazi wa Yerevan walipata umeme kwa saa chache tu kwa siku. Walikata miti ya bustani za jiji, wakachoma samani na mbao za sakafu ili wasigande. Metsamor iliwashwa tena 1995, lakini ule mfumo wa joto la pamoja haukuinuka katika sehemu kubwa ya mji. Leo kila kaya inajipasha yenyewe, na kwa walio wengi kazi hiyo hufanywa na boila ya gesi iliyotundikwa ukutani, jikoni au kwenye roshani iliyozibwa kwa vioo.

Kwa hiyo ukiingia kuangalia nyumba, usianzie sebuleni. Nenda kwenye boila, uombe iwashwe mbele yako hata kama ni Agosti na kila mtu anatokwa jasho. Upande wa chini utaona kipimo cha presha chenye sindano. Ikisimama kati ya bar 1 na bar 2, maji kwenye mabomba yanatosha. Ikilala sifuri, ama kuna mahali panavuja ama mtambo haujatumika siku nyingi. Fungua maji ya moto bafuni, usikilize kama moto unashika mara moja au unajaribu na kuzimika. Washa na upande wa kupasha vyumba, subiri dakika kumi, halafu pita chumba hadi chumba ukishika radieta zilizo chini ya madirisha. Juu pakiwa baridi, kuna hewa ndani, na fundi huitoa kwa muda mfupi. Chini pakiwa baridi, ni tope lililojikusanya kwa miaka. Kulisafisha ni kazi, na kazi hiyo aifanye mwenye nyumba kabla hujahamia, maana ukishaingia atakwambia mbona mpangaji aliyepita hakulalamika.

Mwisho, fuata kwa macho bomba la kutolea moshi mpaka linapotokea nje ya ukuta. Likiwa limeungwa kwa utepe wa gundi, au likiishia ndani ya ile roshani iliyozibwa, aga uondoke. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Kifaa kidogo cha kuitambua hakina bei kubwa. Kinunue wiki ya kwanza, kabla ya mapazia.

Kuna nyumba zisizo na boila. Nyingine hutegemea hita za umeme, nyingine kiyoyozi kinachogeuzwa kutoa joto, nyingine jiko moja la gesi lililowekwa sebuleni, na mwenye nyumba akakuhakikishia kwamba linatosha. Linamtosha yeye aliyezaliwa kwenye theluji. Usibishane naye, mwombe tu akuonyeshe kwenye simu yake malipo ya gesi na umeme ya Desemba, Januari na Februari. Huduma hizo hulipwa kwa namba ya mteja, na kumbukumbu za malipo hazipotei. Asiyetaka kuonyesha amekwishajibu. Kumbuka pia kwamba umeme wa usiku hutozwa bei nafuu kuliko wa mchana, hivyo hita inayopasha maji usiku inaweza kukuokolea fedha kidogo kidogo hadi mwisho wa msimu.

Madirisha nayo yana siri. Fremu za zamani za mbao hupitisha upepo hata zikifungwa. Pitisha kiganja pembeni mwa dirisha utauhisi. Nyumba ya pembeni mwa jengo ina kuta mbili zinazopigwa na upepo, ya juu kabisa ina paa linaloweza kuvuja theluji ikiyeyuka, ya chini kabisa hupata unyevu. Iliyo katikati, yenye majirani juu, chini na pembeni, hupata joto la wenzake bure. Hiyo ndiyo ningeichagua, hata kama haina mandhari ya Ararati.

Baada ya baridi, uliza mwaka wa jengo. Swali hili Waarmenia wenyewe huulizana, na wana sababu. Tarehe 7 Desemba 1988, karibu na saa sita mchana, tetemeko lililopiga mji wa Spitak liliua watu wasiopungua 25,000. Katika mji ulioitwa Leninakan, ambao leo ni Gyumri, maghorofa ya tisa yaliyojengwa kwa fremu na vipande vya zege yalianguka kwa wingi, watoto wakiwa madarasani na watu wazima kazini. Familia nyingi ziliwekwa kwenye vibanda vya muda vya mbao na bati, na baadhi zilikaa humo miongo. Yerevan yenyewe haikubomoka, lakini iko kwenye ukanda ule ule wa matetemeko.

Majengo utakayoonyeshwa ni ya aina chache, na ukizijua utaacha kumtegemea dalali. Ya miaka ya 1930 hadi 1950 ni ya jiwe la tufu, lile jiwe la volkano lenye rangi ya waridi linaloupa mji sura yake. Dari ni ndefu, kuta ni nene, na mengi yako katikati ya jiji. Yaliyofuata, ya wakati wa Khrushchev, yana ghorofa nne au tano, dari fupi, jiko dogo ambalo watu wawili hawapishani, na mara nyingi hayana lifti. Kuanzia miaka ya 1970 yakaja ya zege, ya ghorofa tisa na zaidi, ambayo yamejaza vitongoji. Kisha kuna mapya, yanayozidi kuota kila mtaa.

Mapya yanavutia, yana lifti inayofanya kazi na maegesho, lakini yana kero moja ambayo tangazo halitaji. Armenia nyumba mpya huuzwa ikiwa zege tupu, na kila mnunuzi humalizia kwa wakati wake: huyu anachimba ukuta apitishe nyaya, yule anapiga vigae, wa juu anabadilisha mabomba. Ukihamia jengo lililokabidhiwa mwaka jana, jiandae kuishi na sauti ya drili kwa mwaka mwingine. Mwanafunzi mwenye mitihani asiingie huko. Mimi ningetafuta jengo la tufu la ghorofa chache lenye mabomba yaliyobadilishwa, na kwenye duka la chini ningechungulia kuona kama kuta zimebomolewa kupanua nafasi. Ukuta uliotolewa chini ni tatizo la wote wanaolala juu.

Sasa hesabu mbili zinazowachanganya wageni kutoka kwetu. Kule ghorofa ya kwanza ni ile iliyo usawa wa barabara, hivyo ukiambiwa nyumba iko ya tano bila lifti, utapanda ngazi za ghorofa nne. Afadhali kidogo kuliko ulivyodhani. Ya pili inaumiza zaidi. Katika matangazo, sebule nayo huhesabiwa kuwa chumba. Nyumba ya vyumba viwili ina sebule na chumba kimoja cha kulala, na ya chumba kimoja ni chumba kimoja kweli, ukiongeza jiko na bafu. Wanafunzi wawili wanaotaka kila mmoja alale kwake wakiwa na sebule ya kukutania, watafute ya vyumba vitatu.

Kuhusu mtaa, jiji lina wilaya 12. Majina ya baadhi yake yanabeba msiba: Arabkir, Malatia, Sebastia, Zeytun na Marash ni miji na sehemu za iliyokuwa Dola ya Uturuki, ambako Waarmenia waliuawa na kufukuzwa kuanzia 1915. Walionusurika walipojenga upya waliupa mtaa jina la kwao kulikopotea. Ukikaa Arabkir na mzee akakuuliza unakotoka, huenda naye akakueleza babu yake alitoka wapi. Keti usikilize, usimkatize.

Kentron, yaani katikati, ndiko ghali kuliko kote, na anayesoma katika chuo kikuu cha tiba cha serikali kilichopo mtaa wa Koryun hujiona lazima akae huko. Si lazima. Treni ya chini ya ardhi, iliyoanza 1981, ina vituo 10 tu, lakini kimoja chake, Yeritasardakan, kiko karibu na chuo hicho, na kingine, Barekamutyun, kiko Arabkir. Arabkir ina barabara ya Komitas yenye maduka ya kila aina, na kwa maoni yangu ndiyo wilaya inayomfaa zaidi mgeni mwenye bajeti ya kati. Nor Nork, ambayo wenyeji huiita Massiv, iko mlimani, ina nafuu ya kodi na upepo mzuri wakati wa joto, ila treni haifiki huko. Vivyo hivyo Avan na Davtashen. Basi zipo na teksi huitwa kwa programu za simu, lakini teksi ya kila siku itakula nafuu yote uliyoifuata. Na usishtuke mtu akikwambia anaishi Bangladesh. Hajahama nchi: ndivyo watu wa mjini wanavyokiita kitongoji kimoja cha Malatia-Sebastia, kwa sababu walikiona kiko mbali mno.

Bei sitazitaja, kwa sababu mwaka mmoja hutosha kuzifanya uongo. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Warusi wengi walihamia Yerevan wakiwa na mishahara ya kazi za kompyuta, na kodi zikapanda ghafla. Wapo wapangaji wa miaka mingi walioambiwa waongeze au wahame. Septemba 2023, Waarmenia zaidi ya 100,000 walikimbia kutoka Nagorno-Karabakh, nao wakahitaji paa. Kwa hiyo rafiki yako aliyeishi huko 2020 anaweza kukusaidia kwa mengi, ila si kwa bei. Fungua tovuti ya list.am, ambayo karibu kila mwenyeji huitumia kwa kuuza na kupangisha, uifuatilie wiki mbili kabla ya safari. Utazoea bei ya kila mtaa, na utaanza kutambua picha zile zile zikirudiwa na madalali watano tofauti kwa bei tano tofauti.

Usitume fedha yoyote kabla hujafika. Dipoziti ya "kushikilia nyumba" inayoombwa kwa simu na mtu usiyemjua ni hela uliyoitupa. Panga chumba cha muda kwa wiki mbili, hosteli au nyumba ya wageni, kisha tafuta kwa miguu. Dalali huchukua mara nyingi nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Muulize kabla hamjaanza kuzunguka, na umlipe siku ya kupewa funguo, si mapema. Pia utakutana na dalali atakayekwambia mwenye nyumba hataki wageni, au hataki wanafunzi. Wakati mwingine ni ubaguzi wa rangi, wakati mwingine ni hofu ya vijana wenye fujo. Sishauri kupoteza jioni ukijieleza. Anayekukataa mlangoni atakusumbua pia siku bomba likipasuka.

Jambo moja litamfurahisha aliyezoea Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Yerevan kodi hulipwa kila mwezi, pamoja na dipoziti ambayo kwa kawaida ni ya mwezi mmoja. Anayedai miezi sita mbele anatumia ugeni wako.

Mkataba ndio sehemu ya kusimama imara. Baada ya Sovieti kuvunjika, nyumba nyingi zilikabidhiwa kwa waliokuwa wakiishi humo, kwa hiyo mwenye nyumba wako hatakuwa kampuni. Atakuwa mama mjane, au ndugu watatu waliorithi, mmoja Moscow, mmoja Los Angeles, na anayekuonyesha nyumba ni binamu yao. Waarmenia wanaoishi nje ni wengi kuliko walio nchini, na funguo nyingi ziko mikononi mwa jamaa. Hakuna ubaya, ila omba kuona cheti cha umiliki kutoka Kadasta, yaani ofisi ya usajili wa ardhi na nyumba, linganisha majina na pasipoti, na kama mwenyewe hayupo, omba idhini ya maandishi inayomruhusu binamu kupangisha. Usione haya kuuliza. Dalali atanung'unika, mwenye nyumba mwaminifu ataileta karatasi.

Wengine watapendelea mkono kwa mkono bila maandishi, kwa sababu mapato ya pango hutozwa kodi ya serikali. Wewe huna faida katika hilo. Mkataba wenye nguvu ni ulioandikwa, ukathibitishwa na notari na kusajiliwa. Usipokijua Kiarmenia, notari atataka mkalimani, na gharama hiyo inalipika. Ikishindikana kabisa, basi angalau muwe na karatasi mliyotia saini wote yenye anwani, kiasi, tarehe, dipoziti, orodha ya vitu na muda wa kupeana taarifa. Anayeomba kibali cha ukaazi, ambacho cha muda hutolewa kwa mwaka mmoja na huweza kuhuishwa, huenda akatakiwa kuthibitisha anakoishi, na hapo maneno ya mdomo hayamsaidii.

Kiasi cha kodi kiandikwe kwa dramu. Wenye nyumba wengi hupenda kutaja dola, na kama unalipwa dola utaona ni sawa tu. Lakini fedha ipi inakulinda hutegemea unapata fedha gani na soko linaelekea wapi: kabla ya 2022 dola moja ilikuwa karibu dramu 480, na mwisho wa mwaka huo ilikuwa chini ya 400. Aliyepokea dola na kulipa dramu alijikuta anatoa dola nyingi zaidi kwa chumba kile kile. Bado nasema dramu, kwa sababu ndiyo fedha halali ya nchi na ndiyo itakayotambulika mkifika mbele ya notari. Ila acha akiba.

Siku ya kuhamia, kabla ya kufungua mabegi, piga picha mita zote tatu: gesi, umeme na maji. Nakili namba ya mteja ya kila huduma na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Malipo hufanyika kwa simu kupitia programu kama Idram au Telcell, au kwenye mashine za kulipia zilizosimama madukani na pembezoni mwa barabara. Aliyezoea M-Pesa hatapata tabu. Uliza pia juu ya ada ya jengo, inayolipia usafi wa ngazi, taa na lifti, maana aghalabu mwenye nyumba huisahau mpaka deni lifike. Bili huja kwa herufi za Kiarmenia, ambazo Mesrop Mashtots alizibuni mwaka 405 na sasa ni 39. Jifunze kuzisoma mwezi wa kwanza, hata kama lugha yenyewe itachukua miaka. Kwa herufi hizo utasoma kengele za mlangoni, vibao vya basi na onyo lililobandikwa kwenye ngazi kwamba kesho maji yatakatwa.

Maji ya bomba hunyweka, yanatoka chemchemi za milimani, na mitaani utakuta vibomba vya mawe vinavyotiririka mchana kutwa, wapita njia wakiinama kunywa. Presha kwenye ghorofa za juu ni jambo la kujaribiwa jioni, saa ambayo kila mtu anaoga. Asubuhi ya saa nne bomba lolote hutoa maji.

Kisha kuna ua. Majengo ya zamani ya Yerevan hayaingiwi kutoka barabarani. Unazunguka nyuma, unapita chini ya tao, unatokea uani ambako kuna benchi, mzabibu, wazee wanaocheza mchezo wa nardi na watoto wenye mpira. Juu, kati ya roshani na nguzo, kamba za nguo zimetandazwa kwa kapi: unaanika shati ukiwa umesimama dirishani, unavuta kamba, shati linasafiri hewani hadi katikati ya ua. Mwombe jirani akuonyeshe, na ununue vibanio vigumu, kwani kitakachoanguka kitapokelewa na ghorofa za chini.

Uani pale utatazamwa. Mtu mweusi Yerevan bado ni nadra, watoto watakodoa macho, mtu mzima anaweza kuomba picha. Mara nyingi ni udadisi tu, ingawa una haki ya kukataa picha. Salamu ndiyo dawa: wasalimie wazee wa kwenye benchi kila upitapo, kama ambavyo ungefanya kwenu. Ndani ya juma moja watajua unasoma nini, unarudi saa ngapi na kama umekula. Ukialikwa kahawa, nenda na kitu kitamu, vua viatu mlangoni mpaka mwenyeji akuzuie, na usiondoke baada ya kikombe kimoja. Majirani hao ndio watakaokutafutia fundi siku boila ikigoma.

Chakula hakitakusumbua sana. Mikate myembamba ya lavashi huokwa kwenye tanuri la shimo na kuuzwa kila kona. Majira ya joto aprikoti ni tele na tamu ajabu. Asubuhi za baridi wenyeji hukusanyika kula khash, ambayo mtu wa Tanzania akionja atasema hii ni supu ya makongoro, ila wao huitia vitunguu saumu vingi na lavashi iliyokaushwa. Mchele, dengu na viungo vya aina yetu utavipata kwenye maduka ya Wahindi, kwa kuwa wanafunzi wa Kihindi wako wengi. Kwa Muislamu, Msikiti wa Buluu ulio barabara ya Mashtots, wa karne ya 18, ndio unaosaliwa mjini, na watu wa huko ndio wa kuwauliza nyama halali inapatikana wapi.

Kuhusu kalenda, mambo mawili. Siku ya Vardavar, ambayo huangukia Jumapili wiki 14 baada ya Pasaka, watu humwagiana maji mitaani na kwenye roshani, mgeni kwa mwenyeji. Simu na pasipoti zikae kwenye mfuko wa plastiki, na usikasirike. La pili si mzaha: mwaka mpya kule ndiyo sikukuu kubwa ya familia, meza hujaa na watu hutembeleana kwa siku kadhaa, na mafundi nao wako mezani. Boila ikifa tarehe 1 Januari, utamsubiri fundi ukiwa ndani ya blanketi. Mwite fundi aikague Oktoba, na mkubaliane mapema kwenye mkataba kwamba matengenezo ya boila na mabomba ni juu ya mwenye nyumba, na balbu na vitasa ni juu yako.

Siku ya kuondoka nayo ipangwe. Toa taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, hata kwa ujumbe wa simu, ili tarehe ibaki. Lipa bili zote, piga picha mita upya, pita na mwenye nyumba chumba kwa chumba mkiwa na ile orodha ya vitu. Dipoziti idaiwe hapo hapo, ihesabiwe mkononi au ionekane kwenye akaunti, kisha ndipo utoe funguo mfukoni.